Mpaka Mtoto Akuzoee

Mtoto aliyewahi kushinda na njaa huficha chakula. Huficha hata akiwa kwenye nyumba ambayo sufuria imejaa na hakuna anayemhesabia matonge. Inua godoro lake utakuta nusu chapati iliyokauka, kipande cha muhogo kilichoota ukungu, wali uliofungwa kwenye karatasi ya daftari. Mlezi asiyeijua kazi atafoka: unaiba nini na kila siku unakula ukashiba? Mlezi anayeijua atakitupa kilichooza kimyakimya, na jioni atamletea mtoto kopo lenye mfuniko, ndani mna karanga na visheti. "Hili lako. Litakaa hapa kitandani kwako. Likipungua utaniambia."

Kumpa mtoto kopo ni rahisi. Ufundi uko kwenye kulijaza. Mlezi analitazama asubuhi, analitazama jioni, na analijaza wiki baada ya wiki, biashara ikiwa nzuri au mbaya, hata siku ambayo mtoto huyohuyo amemtolea maneno machafu mbele ya majirani. Tumbo lililowahi kudanganywa haliamini ahadi. Linaamini kopo lililokutwa limejaa leo kama lilivyokutwa jana. Halafu siku moja, akifagia uvunguni, mlezi analikuta kopo lina vumbi juu ya mfuniko na karanga zimechacha. Mtoto amelisahau. Hakuna atakayempigia makofi mlezi huyo, wala hakuna fomu ya Ustawi wa Jamii yenye mstari wa kuandika jambo hilo. Lakini ameshalipwa, na mwenyewe anajua.

Malezi ya mtoto wa mtu mwingine tunayasifia kwa maneno makubwa: moyo wa huruma, sadaka inayoendelea, thawabu ya akhera. Maneno hayo ni ya kweli na siyapunguzii uzito. Hofu yangu ni kwamba yanafunika ufundi wenyewe. Hii ni kazi yenye mbinu zake, wapo wanaoiweza na wasioiweza, na mtu mwenye huruma tele asiyejua mbinu anaweza kumuumiza mtoto vibaya sana. Nina miaka mingi ya kumtazama mama mmoja wa Tanga akiifanya. Watoto wake wa kuzaa walikuwa wamekwisha kuwa watu wazima alipoanza kupokea watoto wa wenzake. Wote wanamwita Mama Mkubwa. Alichagua mwenyewe kuitwa hivyo, ili mtoto awe na mama hapa bila kumfuta mama aliyemwacha kwingine.

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inaiita kazi yake malezi ya kambo, na mwaka 2012 zikatoka kanuni za kuyasimamia. Mlezi wa namna hii si mke wa baba, wala si mtu aliyeasili mtoto. Mtoto anafika kwa mkono wa afisa ustawi wa jamii, anabaki na ukoo wake na jina la baba yake, na mlezi anajua tangu siku ya kwanza kwamba anaweza kuombwa amrudishe kwao. Wengine hurudi baada ya miezi michache, na hilo ni jambo jema. Wapo ambao kwao hakupatikani, au kunapatikana lakini hakukaliki, na hao hubaki hadi ndevu ziote au posa ije. Ni kwa hao wa kubaki ndipo ufundi wa mlezi unapoonekana kwa urefu wake.

Usiku ndio mtihani. Watoto waliohamishwahamishwa wengi hukojoa kitandani, hata wenye miaka tisa au kumi. Mama Mkubwa hutandika mara mbili: nailoni, shuka, kisha nailoni nyingine na shuka jingine juu yake. Saa saba usiku akisikia mtoto anagaagaa, huamka, humsimamisha pembeni, huvuta shuka la juu pamoja na nailoni yake, na chini kuna kitanda kikavu kilichokwisha tandikwa. Kanga safi iko kwenye kigoda. Hawashi taa, hasemi zaidi ya "lala, baba" au "lala, mama." Yote humalizika kabla mtoto hajaamka sawasawa akaona aibu. Asubuhi godoro huanikwa uani, upande wa ukuta, mahali ambapo mpita njia haoni. Katika mitaa yetu godoro linaloanikwa mbele ya nyumba ni tangazo, na watoto wa jirani hawahitaji zaidi ya hapo kumwimbia mwenzao hadi alie.

Nilimuuliza kwa nini hamwamshi mtoto mapema aende msalani, kama tulivyoamshwa sisi. Alisema mara nyingine hufanya hivyo, kwa wale waliokwisha kuzoea nyumba. Kwa mgeni, alisema, mtu anayekuja kumshika gizani anaweza kumkumbusha mtu mwingine. Kwa hiyo kwanza mtoto asikie sauti, kisha aone uso, ndipo aguswe. Utaratibu huo hauvunji hata awe na usingizi wa namna gani.

Mgeni akifika nyumbani kwake humsifia mtoto aliyekuja karibuni. Aliwahi kuwapo msichana wa miaka minane aliyekuwa akiamka kabla ya adhana ya alfajiri, akafagia uwanja, akaosha vyombo, akapanga ndoo. Shikamoo kwa kila mtu, haombi kitu, haulizi swali, anakula anachopewa na kushukuru mara mbili. Wageni walisema mashaallah, huyu kalelewa. Mama Mkubwa hakuwa na raha. Alijua kuwa mtoto yule hafagii kwa sababu ya adabu. Anafagia ili asifukuzwe. Akaanza kumpunguzia ufagio taratibu: leo zamu ya kaka yako, wewe nenda kacheze rede. Mtoto anakwenda, anasimama pembeni ya wenzake, anaangalia nyuma kama kuna anayemkasirikia. Kesho tena, na keshokutwa tena. Ilipita miezi. Hadi mchana mmoja, mbele ya sahani, akasukuma bakuli na kusema: "Mimi sitaki bamia. Sipendi."

Mama Mkubwa alitusimulia habari ya bamia jioni ile barazani kwa furaha ya mtu ambaye mwanawe amefaulu darasa la saba. Wengine hawakuelewa. Mtoto anagomea chakula, kuna sherehe gani hapo? Sherehe ilikuwa kwamba mtoto ameamini anaweza kukataa kitu na bado kesho akawa na pa kulala.

Wapo wanaoanza upande wa pili kabisa. Mvulana wa miaka kumi na mmoja, aliyekwisha kupitia nyumba kadhaa, hakungoja afukuzwe, alijitahidi afukuzwe. Alivunja kioo, akawapiga kuku mawe, akachana daftari la mwenzake, na kila akiulizwa alijibu kwa kelele: "Nirudisheni basi!" Katika nyumba ile adhabu ipo. Aliyechafua anasafisha, aliyevunja anasaidia kutengeneza, aliyempiga mwenzake anakosa mpira. Lakini kuna tishio moja ambalo halitamkwi kamwe, hata kwa utani, hata mlezi akiwa amechoka hadi machozi yanamlenga: kurudishwa. Jibu la Mama Mkubwa lilikuwa lilelile. "Hasira ikiisha, chakula chako kipo, nimekifunika." Na kweli kilikuwa kimefunikwa, mezani, mahali palepale.

Ukiisikia mara moja sentensi hiyo ni ya kawaida mno. Uzito wake uko kwenye kurudiwa na kutimizwa. Kule Pangani nimewatazama mafundi wa kalafati wakisukuma pamba na mafuta kwenye maungio ya mbao za jahazi, mshono baada ya mshono. Kazi ikiisha hakuna cha kuonyesha, ubao unaonekana ubao, na bahari peke yake ndiyo itakayosema kama fundi aliruka mahali. Mlezi naye anaziba hivyo, na mtoto anapita akibonyeza kila ungio kutafuta pale paliporukwa.

Wasomi nao wameifikia kazi hii kwa njia yao, na inanipendeza kwamba sehemu ya elimu hiyo ilianzia kwetu, Afrika Mashariki. Mwaka 1954 mwanasaikolojia Mary Ainsworth alifika Kampala, akaanza kuzitembelea familia 26 za vijiji vya karibu, kila baada ya wiki mbili, akikaa na kutazama akina mama wa Kiganda na watoto wao wachanga. Aliona mtoto anatambaa kumwacha mama, anageuka kumtazama, anaendelea mbele, anarudi kumgusa, anakwenda tena. Aliona kuwa mama aliyepo kwa uhakika ndiye anayempa mtoto ujasiri wa kwenda mbali naye. Kitabu chake kuhusu watoto hao wa Uganda kilitoka mwaka 1967, na hadi leo wanaosomea malezi duniani wanatembea juu ya njia aliyoanza kuipasua katika nyua zile.

Halafu kuna Bucharest, mji mkuu wa Romania. Nchi ile ilikuwa imejaza watoto kwenye makao makubwa ya serikali. Kuanzia mwaka 2000 watafiti Charles Nelson, Nathan Fox na Charles Zeanah waliwachukua watoto 136 wa makao, wenye umri wa kati ya miezi sita na thelathini na mmoja, wakagawanywa kwa kura: nusu waende kwa familia za walezi zilizofunzwa na kusaidiwa, nusu waendelee na utaratibu uliokuwapo. Watoto waliokwenda kwenye familia walikua vizuri zaidi kimwili na kiakili, walijifunza kumwegemea mtu, na waliohamishwa mapema, hasa kabla ya miaka miwili, walinufaika kuliko wote. Ninaposoma matokeo hayo siioni dawa wala mashine. Ninawaona akina mama wa Bucharest, wasiojulikana majina, ambao waliamka usiku.

Kuna mlezi anayejilinda. Anamlisha mtoto, anamvisha, anampeleka shule, lakini moyo anaubania, kwa sababu mtoto si wake na kesho anaweza kuchukuliwa. Namwelewa. Lakini mtafiti wa Marekani Mary Dozier aliwahoji walezi wa namna hii kuhusu kiasi walichojifunga na mtoto waliyenaye, na ikaonekana kuwa aliyejifunga zaidi ndiye ambaye mtoto wake hakuelekea kuhamishwa tena. Mama Mkubwa hajasoma utafiti huo. Anasema kwa namna yake: ukimpenda mtoto nusu, hiyo nusu nyingine ataitafuta barabarani. Huwapenda wote kama wanaobaki, na wanaoondoka huwalilia. Nimemwona baada ya mtoto wa miezi kumi na minne kurudishwa kwa nyanya yake huko Lushoto. Kwa siku kadhaa alifua nguo zilizokwisha kuwa safi.

Nisiwasahau wanaume, ambao katika habari hizi hutajwa kwa bahati. Mumewe ni fundi baiskeli, na Tanga fundi baiskeli hakosi kazi. Kila jioni akirudi hupiga kengele ya baiskeli mara mbili akiwa bado kwenye kona, ili mtoto yeyote anayeogopa mwanaume anayeingia ghafla apate muda wa kujiandaa. Haingii chumba cha wasichana kwa sababu yoyote ile. Yule mvulana wa kuvunja vioo, mzee alimpa pancha za kuziba, na hakumwambia mengi, kwa kuwa mikono ikiwa na kazi na macho yakiwa kwenye mpira wa ndani, mtoto huongea mwenyewe. Mengi ya maisha yake ya nyuma yalitoka pale, kati ya solusheni na msasa, kidogo kidogo, na mzee alikuwa akijibu "ehe" tu.

Ugumu mkubwa kuliko wote, kwa maoni yangu, si mtoto. Ni kumheshimu mzazi wake. Mlezi anayemwona mtoto akilia kila baada ya kutembelewa na mama yake anashawishika kuzuia matembezi hayo, au kuachia neno moja tu baya likapenya. Mama Mkubwa hufanya kinyume. Kila mtoto ana bahasha yake: picha kama ipo, jina la kijiji, jina la babu, kipande cha kanga alichokuja nacho, cheti cha kuzaliwa alichokifuatilia kwa wakala wa usajili, RITA, kwa safari zisizo na idadi. Uganda, miaka ya 1990, akina mama wenye VVU wa shirika la NACWOLA walianza kuwaandikia watoto wao vitabu vya kumbukumbu, ili wakifa mtoto ajue ametoka wapi, alizaliwa vipi, mama yake alipenda nini. Mlezi anayepokea mtoto asiye na kitabu kama hicho inabidi akiandike nyuma kwa mbele, kwa kuulizia, kwa kusafiri, kwa kukaa na bibi mmoja kijijini hadi akumbuke jina.

Pwani hatukuyaanza haya kwenye sheria za karne hii. Kila nyumba ya Kiislamu inajua kwamba Mtume Muhammad alikuwa yatima, akalelewa na babu yake Abdul-Muttalib, kisha na ami yake Abu Talib tangu utotoni hadi utu uzima, na kwamba ami yule aliendelea kusimama naye wakati ukoo ulipogeuka. Kafala, utaratibu wa Kiislamu wa kumtunza mtoto bila kumvua nasaba yake, umeingizwa pia katika Sheria ya Watoto ya Kenya ya mwaka 2022. Rwanda, ambayo baada ya mauaji ya kimbari ya mwaka 1994 ilikuwa na watoto wasiohesabika waliopokelewa na majirani, ilianzisha mwaka 2013 mpango wa Tubarerere Mu Muryango wa kuwatoa watoto kwenye makao na kuwapeleka kwenye familia, na wanaojitolea kuwalea huko wanaitwa Malayika Murinzi, malaika walinzi. Jina zuri, ingawa mimi ningetaka walezi hawa waonekane kama mafundi: wafunzwe, wapumzishwe, watembelewe na afisa mwenye nauli ya kufika, na watoto wao watibiwe bila mlezi kuuza kuku. Mama Mkubwa hapati mshahara. Sare, viatu, madaftari na dawa hutoka kwenye maandazi yake na kwenye pancha za mumewe, na naliona hilo kuwa deni letu sote.

Ujira wa kazi hii huja kwa kuchelewa, na mara nyingi haufanani na shukrani. Yule mvulana sasa ni fundi umeme Dar es Salaam. Hapigi simu kusema asante. Hupiga kuuliza nazi ya pili inatiwa lini kwenye mchuzi, au kulalamika kwamba vocha imeisha, au kunung'unika kuwa mwenye nyumba anamsumbua, na akija sikukuu hufungua kabati la jikoni kabla hajasalimia. Mlezi wa kawaida anaweza kuona ukosefu wa adabu. Yule aliyekiweka chakula cha mtoto huyo kwenye sahani iliyofunikwa, mwaka baada ya mwaka, anajua ni kazi gani iliyofanyika hadi mkono ule ukafungua kabati bila kuomba ruhusa.

Na kuna binti. Alifika na miaka miwili, mwembamba, hatembei vizuri, mama yake mzazi akiwa mgonjwa asiyeweza kumlea na baba amekwisha kufariki. Mama Mkubwa alimbeba mgongoni karibu mwaka mzima, sokoni, kliniki, kwenye vikao vya wazazi vya wenzake. Kila Idi alimpandisha basi akampeleka kwa mama yake, na kila mara alibeba kitu mkononi ili mwenye mtoto asijione mnyonge. Afya ya yule mama iliimarika baadaye, si kwa kiasi cha kumchukua binti, lakini kwa kiasi cha kuwa mama yake kweli, wa kuulizwa na kushauriwa.

Posa ilipokuja, wazee walikaa kwa Mama Mkubwa. Baba mdogo wa binti alitoka kijijini kusimama kama walii, maana hilo ni la ukoo na mume wa Mama Mkubwa hakuligusa. Mshenga akaleta vilivyo vya desturi. Kilemba kikaenda kwa baba mdogo. Ikafika zamu ya mkaja na ubeleko, ambavyo huwa vya mama wa bibi harusi: mkaja kwa tumbo alilolifunga baada ya kujifungua, ubeleko kwa nguo aliyombebea mtoto. Mama Mkubwa alikuwa amekwisha kusogea nyuma, karibu na mlango wa uani, ili mwenzake asimame mbele. Mzee aliyekuwa na daftari akauliza aandike jina gani.

Mama mzazi ndiye aliyejibu. "Mkaja niandikieni mimi, tumbo lilikuwa langu. Mgongo ulikuwa wa dada yangu. Ubeleko mpeni yeye."

Mzee akaandika kama alivyoambiwa, mstari mmoja chini ya mwingine, kisha akageuza ukurasa wakaanza kuhesabu mchele wa siku ya akdi, na akina mama hao wawili wakabishana kwa sauti kama kilo hamsini zitatosha.